Mashine kubwa inakutisha bure, ya kuogopa ni grenda

SWALI: Mzee, habari za kazi. Niko Walukuba, Jinja. Nyuma ya nyumba yetu kuna ua wa zege, mita 4 kwa 3, ambao marehemu baba aliumwaga miaka mingi iliyopita. Nataka kupitisha bomba jipya la maji machafu kutoka jikoni hadi kwenye tangi la maji taka lililo pembeni ya ua huohuo. Kuna duka mjini linakodisha ile mashine kubwa ya kuvunjia, lakini naiogopa, naona itanishinda nguvu. Jirani ana grenda ya inchi 9, anasema tuikate slabu yote vipande vipande tumalize siku moja. Nitachukua kibarua mmoja wa kunisaidia, na umeme ni huu wetu wa Yaka, wa kulipia kabla. Tufanyeje tusije tukaumia?

JIBU: Njema, mwanangu, na pole kwa msiba wa mzee. Kuogopa si vibaya, ila hofu yako umeipeleka kwa mashine isiyostahili.

Mashine ya kuvunjia ina uzito wa kilo 15 hivi. Inapiga kelele, inatikisa mabega, na ukiikamata vibaya itakuponda kidole cha mguu au itakuacha unalalamika mgongo wiki nzima. Lakini tindo yake inapiga mahali pamoja, mbele ya macho yako, na ukiachia swichi inasimama. Grenda ya inchi 9 ni nyepesi, inashikika, na ndiyo sababu watu wanaizoea kwa dharau. Diski yake inazunguka kama mara 6,600 kwa dakika, na ukingo wake unakimbia mita 80 kwa sekunde, sawa na kilomita 288 kwa saa. Ikikwama ndani ya zege, nguvu hiyo yote haina pa kwenda isipokuwa kuirusha mashine kwa aliyeishika. Inakuja usoni, shingoni au pajani kabla hujajua kumetokea nini.

Tena mpango wa jirani yako haufiki hata kwa hesabu. Diski ya inchi 9 inaingia sentimita 6 hadi 7 tu, kwa sababu kati ya ukingo na kitovu kuna kichwa cha mashine kinachozuia. Slabu ya ua kwa kawaida ina sentimita 10. Mtakata kutwa, mtafunika mtaa wa Walukuba kwa vumbi, na zege litakuwa bado limeshikana chini. Kodi hiyo mashine kubwa. Grenda ina kazi yake ndogo nitakayokueleza, lakini si ya kubomolea.

Sasa nieleze kilichonifanya niache mengine nikujibu wewe kwanza: hilo tangi.

Slabu inayofunika tangi la maji taka huliwa kutoka chini. Uchafu ukioza hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hupanda, hukutana na unyevu kwenye dari ya tangi, na bakteria walioko hapo huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Asidi inakula saruji taratibu, mwaka baada ya mwaka, kisha inazifikia nondo. Juu utaona zege safi ambalo watoto wanarukia kamba, kumbe chini limebaki unene wa vidole viwili. Mtu mzima akisimama hapo na mashine ya kilo 15 inayogonga mara zaidi ya elfu moja kwa dakika, slabu haitampa onyo. Na akianguka mle ndani, maji si tatizo lake la kwanza. Gesi hiyo ikiwa nyingi huua hisia ya pua, kwa hiyo mtu anaacha kuisikia harufu wakati ndiyo inamuua. Ndugu anayeruka kumwokoa anamfuata, na anayefuata naye hivyohivyo. Ndivyo misiba ya matangi inavyozoa watu wa familia moja. Mtu akiingia humo, mzuie kila mwingine asishuke, mtupieni kamba kama bado anaweza kuishika, na pigeni 999 au 112.

Ongeza methani, ambayo nayo hutoka kwenye uchafu huohuo na hushika moto. Sasa mfikirie jirani yako anakata nondo kwa grenda, cheche zinaruka, juu ya tangi lililopasuka kwa ufa ambao hakuuona.

Kwa hiyo kabla hujakodi chochote, litafute tangi mpaka ulijue mipaka yake. Usiridhike na kujua kifuniko kiko wapi. Matangi ya zamani yana vyumba viwili, na pengine shimo la kunyonyea maji lilichimbwa pembeni kisha likafunikwa na kusahaulika. Muulize mama, waulize wazee waliokuwapo baba alipomwaga zege. Kisha chukua mtaimbo, tembea uani ukigonga hatua kwa hatua. Zege lililolalia udongo linajibu kwa sauti nzito, fupi. Zege lenye uwazi chini linalia, na ukiweka kiganja utaona linatetemeka. Kila palipolia, piga alama kwa mkaa. Ongeza mita moja kuzunguka alama zote, na ndani ya mpaka huo mashine isiingie. Pale pa mwisho, bomba linapotakiwa kuungana na tangi, mwite fundi wa mabomba aliyezoea kazi hiyo. Tangi litanyonywa kwanza na gari, kifuniko kiachwe wazi lipate hewa na mtu wa kukilinda awepo, na tundu litatobolewa kutoka nje kwa nyundo na tindo za mkono. Hakuna anayeingia ndani hata akisema ni dakika moja tu.

Ukiwa nje ya mpaka huo, toboa tundu moja la majaribio kwa drili na biti ya milimita 10. Likitokea chini, ingiza waya uliopinda ncha, ukwamishe upande wa chini, upime unene. Dakika tano hizo zitakuambia kama baba alimwaga sentimita 8 au 15, na biti ikigonga chuma utajua kuna nondo au wavu. Ukiwa na 15 na nondo, zidisha muda wa kazi mara mbili na usimlaumu kibarua.

Mabomba na waya nayo yapo. Funga koki ya mita ya maji ya National Water kabla ya kuanza, na kila mtu ajue iko wapi. Bomba la maji safi likitobolewa ni hasara na aibu. Waya ukitobolewa ni mauti. Angalia kama kuna taa au soketi kwenye vyumba vya uani. Kama zipo na huoni waya juu, basi waya umepita chini. Na tusidanganyane, kwenye mitaa yetu kuna waya za kamyufu, zilizozikwa usiku na jirani aliyevuta umeme kwa njia za panya, na hizo hazizimiki kwa swichi yako. Ukikuta kipande cha bomba la plastiki au mkanda wa rangi ndani ya udongo, simamisha mashine, chimba kwa mkono.

Hapo ndipo napendelea jenereta kwa kazi ya kuvunja. Ukitumia Yaka, lazima uache umeme wa nyumba ukiwaka ili mashine ifanye kazi, na wakati huohuo unataka umeme wa nyumba uzimwe ili usipigwe na waya uliofichika. Jenereta inakata fundo hilo: zima swichi kuu ya nyumba, mashine ijitegemee. Mashine ya wati 1,600 inahitaji jenereta ya kVA 3 hivi, kwa sababu inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapoendelea. Vile vijenereta vidogo vya kuwashia taa na televisheni vitakufa mbele yako. Iweke nje kabisa, mbali na madirisha ya jikoni na ya jirani, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi.

Ukibaki na Yaka, wati 1,600 ni uniti 1.6 kwa kila saa ya kupiga, si gharama ya kukunyima usingizi. Zima sakiti zote zinazokwenda nyuma, uache ile ya soketi unayotumia. Waya wa ekistensheni uwe mnene, milimita 2.5 za mraba, na uukunjue wote. Waya uliobaki umezungushwa kwenye kibiringo hupata joto mpaka plastiki inayeyuka. Dukani uliza pia kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, kinachochomekwa kwenye soketi. Kule Nabugabo Road mjini Kampala vinauzwa, na Jinja kwenye maduka ya vifaa vya umeme hutakosa. Kinakata umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla moyo haujavurugika. Fyuzi ya kawaida haikulindi wewe, inalinda waya. Unaweza kufa fyuzi ikiwa salama salimini.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, nani alikuambia uvunje ua wote? Mita 4 kwa 3, unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 1.2, na zege lina kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Hizo ni kilo 2,880 za kuvunja, kubeba na kutafutia pa kutupa. Bomba lako linahitaji mfereji wa sentimita 60 kwa upana. Kwa urefu wa mita 4 utatoa kilo 576. Usalama mkubwa kuliko glavu na miwani ni kupunguza kazi. Chora mistari miwili, ua uliobaki uuache kwa wajukuu.

Hapo ndipo grenda inapata nafasi yake. Kwa diski ya almasi, katia mistari hiyo miwili kwa kina cha sentimita 2 au 3 tu, nje ya mpaka wa tangi. Mkato huo mdogo unaliambia zege lipasukie wapi, na ukingo wa ua unabaki nadhifu. Shika kwa mikono miwili, kishikio cha pembeni kikiwa kimefungwa na kinga ya diski ikiwa mahali pake, na usisimame kwenye mstari wa diski. Simama pembeni yake. Kata kwa kupita mara kadhaa, kila mara kina kidogo. Usijaribu kunyoosha mstari uliopinda huku diski iko ndani, maana kupinda ndiko kunakoibana. Zege likiwa limening'inia juu ya uwazi, mkato hujifunga wenyewe kadiri unavyokata, nayo diski inabanwa na kuruka. Sababu nyingine ya kulikwepa tangi.

Kuna jambo naliona kwenye saiti nyingi na linanikera. Diski ya inchi 9 ikiwa imeisha kidogo, mtu anaing'oa, anaondoa kinga kwenye grenda ndogo ya inchi 4 na nusu, anaifunga humo. Grenda ndogo inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Piga hesabu: diski nzima ya inchi 9 kwa mwendo huo ukingo wake unakwenda mita 132 kwa sekunde, nayo imetengenezwa kuhimili 80. Ikipasuka hakuna miwani itakayokuokoa. Soma namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye diski, ilinganishe na ya mashine; ya diski isiwe ndogo. Ile ya kukatia mbao yenye meno haikai kwenye grenda kabisa, hata fundi wa samani akikuapia. Na jirani akija na grenda isiyo na kinga, mshukuru, mpe chai, arudi nayo.

Mistari ikishakatwa, grenda iende zake. Ingia na mashine kubwa.

Zege lina nguvu ya ajabu likibanwa, ila likivutwa au kukunjwa ni dhaifu, lina kama sehemu ya kumi au kidogo zaidi tu ya nguvu yake ya kubanwa. Mtu anayeanza katikati ya slabu analipiga mahali lilipo hodari: kila upande limebanwa na zege jingine, halina pa kukimbilia, tindo inazama na kukwama. Anza ukingoni, mahali ua unapoishia. Weka ncha sentimita 10 kutoka ukingoni, elekeza tindo kidogo kuelekea nje, piga mpaka kipande kimeguke. Rudi nyuma sentimita 10 nyingine. Unakwenda ukirudi nyuma, kila mara kipande kikiwa na upande ulio wazi wa kuangukia. Kama mfereji wako hauanzii ukingoni, piga tundu dogo kwanza, hilo litakuwa ukingo wako.

Pale slabu isipokuwa na nondo, kuna njia rahisi zaidi ambayo vijana hawaipendi kwa sababu haina kishindo. Ingiza mtaimbo chini ya kipande, kiinue sentimita mbili kutoka kwenye udongo, kibarua asukume jiwe chini yake kwa kutumia fimbo. Si kwa vidole. Kipande kilichoinuliwa kimekosa udongo wa kukishikilia, ukikigusa kwa mashine kinapasuka vipande viwili au vitatu. Baada ya hapo utaona mashine unaitumia dakika chache kuliko ulivyodhani.

Usiiegemee. Huo ndio ugonjwa wa wageni wote wa mashine hii: wanalala juu yake wakidhani kifua chao kinaongeza nguvu. Kinachopiga ni pistoni iliyo ndani, na uzito wa mashine unatosha kuituliza. Ukiikandamiza sana hupunguzi kazi, unaulisha mwili wako mtikisiko. Miguu iachane, mmoja mbele, magoti yalegee kidogo, tindo isikaribie vidole vya miguu yako. Tindo ikikwama, zima, chomoa waya, kisha vunja pembeni yake kwa tindo ya akiba; usiipinde huku na kule kama mtu anayeng'oa kisiki, utavunja ncha au mgongo. Kwa sababu hiyo, unapokodi, dai tindo mbili. Na kabla hujatoka dukani, vuta tindo kwa mkono uone kama kifungio kinaishika sawasawa, angalia kama waya una viraka vya utepe, na waombe waiwashe mbele yako. Mashine nyingi za aina hii zina kitufe cha kufunga swichi ili iendelee bila kushikwa. Usikitumie. Siku tindo itakapotoboa ghafla na wewe kuyumba, utataka mashine izime kidole kikiachia.

Tindo ikitoka kwenye zege ina moto wa kuunguza. Usiiguse kwa mkono mtupu wakati wa kubadilisha. Ikibutuka, wahunzi wa Katwe na wenzao wa Jinja wanaichonga vizuri.

Nondo au wavu ukitokeza, usiupige kwa tindo, unakunja tu na kuuchomoza kama mitego ya miguu. Safisha zege linaloufunika, halafu ukate kwa mkasi wa nondo. Mkasi hautoi cheche na hauruki. Kichwa kilichobaki kikunje chini mara moja, usiseme utakunja jioni.

Vumbi. Hapa naomba utulie, kwa sababu ndilo linaloua polepole na hakuna anayeliogopa. Mchanga uliomo kwenye zege ni silika, na mashine inaisaga kuwa unga mwembamba kuliko unaoweza kuuona. Chembe zilizo chini ya maikroni 10, wakati unywele wa mtu una kama 70, zinapita puani, zinashuka mpaka mwisho wa mapafu na hazitoki. Mapafu yanajijengea makovu kuzizunguka. Ugonjwa huo hauna tiba, na aliye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine, jambo ambalo kwetu si dogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika hii kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1997. Marekani tangu 2016 kiwango cha juu kwa mfanyakazi ni maikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa siku ya saa nane. Hicho ni kiasi kisichoonekana kwa macho. Wingu la grenda inayokata zege kavu limepita hapo mara nyingi sana.

Dawa ni maji. Toboa matundu madogo kwenye kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu, au tumia kopo la kumwagilia maua, kibarua alowanishe zege kabla ya kupiga na kila mnapopumzika. Lowanisha, usifurikishe, na maji yasielekee kwenye matundu ya mota. Ndiyo sababu nyingine ya kile kifaa cha miliampia 30. Kwa grenda ya kawaida ya umeme usimwage maji kwenye diski. Lowanisha mstari dakika chache kabla, ukate kidogo, na watu wote wakae upande upepo unakotokea. Barakoa iwe ya N95 au FFP2 kwa uchache, na ibane uso. Ndevu ndefu zinaivujisha. Zile za bluu zilizobaki nyumbani tangu corona hazitoshi hapa, na leso iliyofungwa puani inazuia mchanga tu, yaani ile sehemu isiyokuwa na madhara makubwa. Jioni msifagie kukavu. Mwaga maji kwanza, na nguo za kazi zisikung'utwe mlangoni watoto wakiwa pale. Kabla ya kuanza, funika mapipa ya maji na dirisha la jikoni kwa kavera, yaani plastiki.

Kelele nitaisema kwa ufupi. Mashine hii hutoa desibeli 100 na zaidi. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi, masikio yanavumilia desibeli 85 kwa saa nane. Kwa 100 yanavumilia dakika 15. Nunua vizibo, vya wewe na vya kibarua. Mkubaliane ishara za mikono, kwa sababu hamtasikiana: kiganja juu maana yake zima sasa hivi, na asiulize kwa nini.

Mtikisiko una hesabu yake pia. Ulaya wamepanga kipimo cha mita 5 kwa sekunde mraba kama mwisho kwa siku nzima ya kazi. Mashine inayotikisa kwa 15 humfikisha mtu kwenye mwisho huo kwa dakika 53 za kupiga, na kwenye kiwango cha kuanza kuchukua tahadhari kwa dakika 13. Mfereji wako, kama ni sentimita 10 bila nondo, nakadiria saa moja hadi moja na nusu ya kupiga kwenyewe. Kwa hiyo pokezaneni kila baada ya dakika 10 au 15, mmoja akipiga mwingine akikusanya na kulowanisha. Vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe, aliye navyo amemaliza zamu yake ya siku hiyo. Ukimwachia kibarua peke yake ili ufaidi sente zako, unamnunulia ugonjwa wa mikono kwa bei ya kibarua.

Na huyo kibarua si mgeni wako, ni mfanyakazi wako. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na asimkate malipo kwa ajili yake. Atakuja na sandali, nakuhakikishia. Mpe gambuti, zenye chuma mbele ukizipata, miwani inayofunika pembeni, glavu za ngozi zinazobana, na shati lisilopepea. Mfundishe zima-washa kabla ya kumpa mashine, na asipotaka miwani, asiguse kazi. Vumbi au kokoto ikimwingia jichoni, msimsugue. Mwagieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au 20, kope zikiwa wazi, kisha hospitali.

Kuna mtu atapita akuambie uwashe moto juu ya slabu, kisha umwage maji, kama wanavyopasua mawe kwenye machimbo ya Kireka. Usimsikilize. Zege lina unyevu ndani yake. Likipata moto ghafla, unyevu unakuwa mvuke usio na pa kutokea na zege linarusha vibanzi kama risasi.

Na kwa kuwa nyumba za Walukuba ni za zamani: ukikuta chini ya slabu bomba au vipande vya bati la kijivu lenye nyuzinyuzi kwenye mavunjiko, huenda ni asibesto. Usikate wala usivunje. Lilowanishe, lifunike kwa udongo mbichi, na uwaulize watu wa mazingira wa halmashauri ya jiji namna ya kulitoa.

Anzeni saa tatu asubuhi, majirani wakiwa wameamka, watoto wakiwa wamekwenda shule, na kama ni Ijumaa nyamazeni saa ya sala. Kilo zile 576 zikishavunjwa zitavimba na kujaza kama theluthi moja ya mita ya ujazo. Jaza toroli nusu tu kila safari, maana likijaa lina zaidi ya kilo mia. Vifusi msivitupe: vipande vya ukubwa wa ngumi ni msingi mzuri wa zege jipya utakalorudishia juu. Lakini visiguse bomba. Bomba lilalie mchanga sentimita 10 na lifunikwe kwa mchanga, kisha udongo ushindiliwe, ndipo vifusi vije juu yake.